Vibao vya kuelekeza wachezaji kwenye uwanja wa gofu ya diski: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaotayarisha uwanja Mombasa na viunga vyake: kisiwani, Nyali, Bamburi, Likoni, popote penye chumvi ya bahari. Msomaji wa bara anaweza kuruka sehemu ya vifaa. Nyingine zote zinamhusu.

## Mambo ya mwanzo

Gofu ya diski ni mchezo gani, na vibao vinaingilia wapi?

Ni gofu ya kurusha diski ya plastiki badala ya kupiga mpira kwa kijiti. Mchezaji anaanzia mahali maalumu pa kurushia, ambapo wengi hupaita tii. Anarusha, anaifuata diski, anarusha tena kutoka pale ilipotua, mpaka aiingize kwenye kikapu chenye minyororo. Safari hiyo moja, kutoka tii hadi kikapu, ndiyo shimo. Uwanja huwa na mashimo 9 au 18. Kikapu cha minyororo kilibuniwa Marekani na Ed Headrick katika miaka ya 1970, na ni yeye aliyeanzisha PDGA, chama kinachotunga sheria za mchezo, mwaka 1976.

Kwenye gofu ya mpira, nyasi zilizokatwa zinakuonyesha njia. Diski huchezwa sana katikati ya miti, na mara nyingi kikapu hakionekani ukiwa kwenye tii, wala tii inayofuata haionekani ukiwa kikapuni. Mgeni akimaliza shimo la 3 anainua kichwa na kuona mivinje pande zote nne. Hapo ndipo kibao kinapohitajika.

Vibao ni vya aina ngapi?

Kuna ubao wa langoni, wenye ramani ya uwanja mzima, sheria chache na mahali tii ya kwanza ilipo. Kuna kibao cha tii: namba ya shimo, umbali, mchoro wa njia, sehemu zilizo nje ya mpaka, na par, yaani idadi ya mirusho inayotarajiwa kwa mchezaji hodari (mashimo mengi huwa par 3). Kuna mshale wa tii inayofuata, ambao hukaa kwenye kikapu au kando yake. Halafu kuna alama ndogo za njiani, kama kishale kwenye njia panda au jiwe lililopakwa rangi.

Mshale wa njia ya lazima ni kitu kingine kabisa, nao una swali lake huko chini.

Pesa zetu zinatosha vibao vichache tu. Tuanze na vipi?

Mishale ya tii inayofuata. Watu hukimbilia vibao vya tii kwa sababu vinapendeza, na mfadhili naye anataka jina lake lisomwe hapo. Lakini mtu aliyesimama kwenye tii amekwisha kufika. Anayepotea ni yule aliyetoa diski yake kikapuni sasa hivi. Na akipotea si muda tu anaoupoteza: anaweza kutokeza katikati ya njia ya shimo jingine, na diski ya gramu 170 hivi, yenye ukingo mwembamba, ikimpata mtu usoni si jambo la kucheka.

Kwa hiyo: mshale kwenye kila kikapu kwanza. Pili, namba kwenye kila tii, hata kama ni namba tupu iliyopakwa kwenye jiwe la matumbawe. Tatu, ubao wa langoni. Vibao vya tii vyenye michoro vije pole pole, kimoja kimoja, pesa ikipatikana.

Siku hizi kuna programu za simu zenye ramani za viwanja. Vibao vya nini?

Programu kama UDisc inasaidia sana, hasa kuhesabu mirusho, na msimbo wa QR kwenye ubao wa langoni ni jambo zuri. Ila usiuegemee. Saa sita mchana jua la Mombasa linaifuta skrini yote machoni, chini ya miti mikubwa simu hukosea mahali ulipo kwa mita kadhaa, na vijana wengi wanaokuja kucheza hawana bando. Tena mtu anayetembea huku akitazama simu uwanjani hazioni diski zinazokuja.

Tunahitaji ruhusa ya nani?

Ya mwenye ardhi, na iwe ya maandishi. Ikiwa ni bustani ya umma, mlango ni wa serikali ya kaunti. Ikiwa ni shamba la hoteli, ni wa meneja. Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba kibao chenye jina la mfadhili kinaweza kuhesabiwa kuwa tangazo la biashara, na matangazo hulipiwa ada. Uliza kabla hujapaka rangi.

## Mshale na maandishi

Mishale tumeweka, na watu bado wanapotea. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina vipande vingi.

Kipande cha kwanza ni kwamba mwenye uwanja huutazama kutoka juu, kwa jicho la ramani, kwa kuwa anaujua. Anajua tii ya 4 iko upande wa bahari, basi anaweka mshale unaoelekea bahari na kuridhika. Mchezaji haioni ramani hiyo. Yeye yuko kikapuni, ameinama kuchukua diski, na uso wake umeelekea upande alikotoka au popote pale. Simama hapo hapo alipo, inama kama yeye, kisha inuka. Kile ambacho jicho lako linakutana nacho kwanza ndipo mahali pa kibao. Kikiwa nyuma ya mbuyu hatua kumi mbele, hakipo.

Kipande cha pili ni umbo. Mshale uliochorwa kwenye ubao wa mstatili una uso mmoja tu. Anayekuja kutoka upande wa pili haoni kitu. Wengine hujaribu kuokoa hali kwa kuchora nyuma kama walivyochora mbele, na hapo mshale wa mbele unasema kulia na wa nyuma unapeleka watu upande wa pili kabisa. Kata ubao wenyewe uwe na ncha. Ubao wenye ncha unaelekea pale unapoelekea, utazamwe kutoka wapi, hata rangi ikifutika.

Kipande cha tatu ni mshale ulioinamishwa. Mshale wa kulia unaeleweka, wa kushoto unaeleweka, na unaotazama juu kila mtu anajua ni kunyoosha moja kwa moja. Mshale wa katikati ya hapo, ulioinamia juu kulia, una wasomaji wa kila aina: mmoja ataona kunyoosha, mwingine atakata kona. Ukihitaji mshale wa namna hiyo, mara nyingi maana yake ni kwamba nguzo imesimama pasipofaa. Isogeze mpaka mshale uweze kunyooka.

Kipande cha nne ni kimya kirefu. Mshale wa kikapuni unasema shika hapa, mtu anashika, anatembea mita 50 katikati ya vichaka, na moyo unaanza kumwambia amepotea. Anageuka. Alikuwa karibu kufika. Kila njia panda iwe na alama, na pasipo na njia panda lakini mwendo ni mrefu, weka jiwe moja lililopakwa rangi la kumtuliza.

Na mwisho, mishale mingi mno. Nguzo moja yenye mishale ya tii, choo, maegesho, kibanda cha madafu na lango inachosha macho. Kwenye kikapu weka mmoja tu. Hayo mengine yana ubao wa langoni.

Tutajuaje kama vibao vinafanya kazi?

Mtafute mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapo. Mpe diski, mwonyeshe lango, kisha mfuate nyuma kwa umbali bila kusema neno, hata akikuuliza. Hili la kunyamaza ni gumu kwetu watu wa pwani, ambao mgeni hajamaliza kuuliza njia tushamshika mkono kumpeleka, lakini ukifungua mdomo jaribio limekufa. Kila atakaposimama na kugeuza shingo, tia alama kwenye daftari. Hapo ndipo panapotaka kibao. Rudia na mtu mwingine wa rika tofauti. Mtoto wa miaka kumi huona vitu ambavyo mtu mzima hupita, na kinyume chake.

Fanya hivyo kwa vibao vya muda vya maboksi kabla hujalipa seremala.

Mshale wa njia ya lazima utofautishwe vipi na wa kutembea?

Njia ya lazima ni sharti la mchezo: diski inatakiwa ipite upande fulani wa mti au nguzo fulani, mara nyingi ili isiende kwenye njia ya watu au uwanja wa jirani. Ikipita upande usioruhusiwa, mchezaji anaongezewa mrusho mmoja. Mshale wake hufungwa kwenye mti huo huo, juu, ukionyesha upande ambao diski ipite.

Sasa chukua mgeni anayeona mshale mtini. Akidhani ni wa tii inayofuata, ataufuata kwa miguu, pengine hadi mahali ambapo diski za wenzake zinatua. Mchezaji naye akidhani mshale wa kutembea ni wa lazima, atalazimisha mrusho usio na maana na kulalamika. Basi zitenganishe familia hizi mbili kwa kila kitu: rangi, kimo na umbo. Mpangilio unaofanya kazi vizuri ni mishale ya kutembea kuwa ya mbao, chini ya kifua, nyeupe juu ya kijani kibichi. Na ya lazima kuwa mikubwa, ya manjano na nyeusi, juu ya kimo cha mtu, ikitazama tii. Kibao cha tii kiutaje: «Pitisha diski kushoto kwa mnazi wenye mshale wa manjano.» Ubao wa langoni ueleze tofauti ya rangi kwa mstari mmoja.

Tuandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa zaidi. Watakaocheza kila wiki ni vijana wa mtaani na wanafunzi, si mgeni wa hoteli aliyekuja mara moja. Huyo mgeni namba na mshale vinamtosha: «TII 4» na ncha ya ubao. Kiingereza kiweke langoni, kwenye sheria na tahadhari, ambapo kutoelewa kunaweza kuumiza mtu.

Kwenye mishale usiandike sentensi. «Tafadhali elekea upande huu kwa ajili ya shimo linalofuata» ni adabu nzuri, lakini hakuna atakayeisoma akiwa na jasho la saa nane.

Herufi ziwe na ukubwa gani, na rangi zipi?

Waandishi wa mabango wana kipimo cha mkononi: sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali, ukitaka isomeke bila kukaza macho. Namba ya tii inayopaswa kuonekana kutoka mita 20 inataka kimo cha sentimita 16 au 17. Tumia herufi nene zisizo na mikia. Mapambo yapeleke kwenye ubao wa langoni.

Rangi mbili tu, moja nyepesi na moja nzito. Nyeupe juu ya kijani kibichi, manjano juu ya nyeusi, nyeupe juu ya buluu nzito. Epuka nyekundu kwenye kijani: wako wanaume wengi wasiozitofautisha vizuri rangi hizo mbili, na nyekundu ndiyo inayopauka mapema juani.

Umbali uandikwe kwa mita au futi?

Mita. Wamarekani hutumia futi, na video nyingi za mchezo huu ni zao, ndiyo maana swali hili haliishi. Mita 1 ni futi 3.28, anayetaka futi atazidisha.

Nani atuandikie?

Mombasa haina uhaba wa mikono. Wale wanaoandika tuktuk na matatu wanajua kushika mstari kwenye chuma kilichopinda, sembuse ubao. Lakini mpe maandishi yakiwa yamepangwa kwenye karatasi, pamoja na vipimo, na mwambie mapema kwamba hutaki vivuli, miali ya moto wala tai. Ukiwa na namba nyingi za kurudia, kata stensili kwa kadibodi ngumu au karatasi ya plastiki, na hata wanachama wasiojua kuchora watamaliza kazi.

## Vifaa, chumvi na jua

Mbao gani inadumu hapa?

Kwa nguzo, maadui ni wawili: mchwa chini na unyevu pale nguzo inapokutana na udongo. Mvule na mbambakofi huvumilia yote mawili, ila bei yake inafaa milango zaidi ya vibao. Ukipata vipande vilivyobaki kwa seremala, shukuru. Mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani, kama ule wa nguzo za ua, ndio chaguo la watu wengi na ni la busara. Mvinje ni rahisi na unanyooka, lakini ukichimbiwa bila dawa mchwa hawauachi. Boriti za mikoko ni ngumu kweli kweli. Ukataji wake unahitaji kibali, basi nunua kwa muuzaji mwenye karatasi. Nguzo za plastiki iliyorejelewa zinatengenezwa Kenya sasa, na mchwa hazimhusu.

Kwa ubao wenyewe, plaiwudi isiyoingia maji, ile mafundi wanayoiita marini, ya milimita 12 hadi 18. Siri yake iko ukingoni. Watu hupaka uso mikono mitatu na kusahau kingo, kumbe maji huingia kwa kingo, matabaka yakaachana, na kibao kikafunguka kabla uso haujapauka. Paka kingo kwanza, na uzipake zaidi ya uso. Matundu ya skrubu nayo yatiwe rangi au vanishi ndani.

Kwa nini tusitumie alumini tukapumzika?

Alumini haili kutu kama chuma, ni nyepesi, na chapa juu yake hutoka vizuri. Shida yake ni kwamba ina soko. Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umma, na marufuku hiyo ikaondolewa miezi michache baadaye. Ikiwa nguzo za umeme hazikusalimika, kibao chako katikati ya miti hakina ubavu. Kama uwanja uko ndani ya ua wenye mlinzi, alumini ni sawa. Mahali pa wazi, tumia kitu kisichouzika: plaiwudi, plastiki, jiwe.

Mabati ya kawaida usiyaguse. Umande wa bahari utaanza na pale yalipokatwa.

Skrubu zinatoa kutu na kuchafua ubao. Tufanyeje?

Zile za rangi ya dhahabu na zile nyeusi ni za kazi za ndani. Karibu na bahari tumia chuma cha pua, na ikipatikana iwe daraja la 316, linalovumilia chumvi kuliko 304. Ukifunga alumini kwa skrubu za chuma, weka washa ya plastiki katikati: metali mbili zikigusana kwenye hewa ya chumvi, moja huila nyingine.

Karatasi iliyopitishwa laminesheni haitoshi?

Kwa siku moja, ndiyo. Tazama swali la mashindano ya siku moja.

Tupake rangi gani, na lini?

Rangi ya mafuta ya nje, juu ya andakoti, baada ya msasa. Mikono miwili ya rangi, na kila mmoja ukauke sawasawa kabla ya mwingine. Wakati mzuri ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ni chache. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, rangi hukaa inanata, na kila mdudu wa Mombasa anapita kuweka sahihi. Vibao vipakwe vyote kabla ya Aprili, au visubiri.

## Kusimamisha

Nguzo ichimbiwe kiasi gani? Sisi tukichimba tunagonga mwamba.

Kwa kawaida theluthi moja ya nguzo, au sentimita 60 kwa nguzo inayobaki mita 1.2 juu, na zege la saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Uso wa zege uinuke kidogo na uteremke pande zote ili maji yasisimame kwenye mbao.

Sehemu nyingi za kisiwa na ukanda wa pwani, ukishuka kidogo unakutana na jiwe la matumbawe. Usipigane nalo kwa ushujaa. Likiwa laini, mtaimbo utatoboa shimo jembamba la kutosha nguzo, na mwamba utaishika vizuri kuliko udongo. Likiwa gumu, mwaga zege kwenye debe au tairi kuukuu, simamisha nguzo ndani, na uliweke juu ya ardhi na mawe pembeni. Uzito wake unatosha, na siku uwanja ukibadilika kitahama chote.

Tunaweza kupigilia kibao mtini?

Usipigilie. Mnazi ndio unaoumia vibaya zaidi kwa sababu shina lake halizibi kidonda kama miti mingine. Tundu la msumari hubaki tundu maisha yake yote. Mwarobaini na mkwaju huziba, lakini humeza msumari na siku moja utavunja msumeno wa mtu. Funga kwa kamba ya makumbi au mkanda mpana, na uulegeze kila mwaka mti unaponenepa.

Jambo jingine kuhusu minazi: usiweke kibao cha kusomwa chini ya mnazi wenye nazi. Msomaji husimama, na nazi haisemi inakuja.

Vibao viwe juu kiasi gani?

Kibao cha tii: ukingo wa juu mita 1.2 hadi 1.4, ukiinamia msomaji kidogo, kando ya tii na si mbele yake. Mishale ya kutembea iwe kati ya goti na kifua, lakini pima baada ya mvua. Nyasi za mwisho wa Mei hufunika kile kilichoonekana vizuri Februari. Mawe yaliyopakwa rangi yanahitaji kufyekewa kila mara wakati huo.

Upepo wa kusi unalaza vibao vyetu. Kuna dawa?

Kibao kipana kwenye nguzo moja hushika upepo kama tanga. Weka nguzo mbili, au punguza ubao. Inapowezekana, ukingo wake ndio uelekee kusini-mashariki, kusi inakotoka.

## Hali za pekee

Kuna njia ya watu inayokata shimo letu. Kibao cha tahadhari kinatosha?

Hapana. Kibao kinamjulisha mpita njia, lakini wajibu wa kusubiri ni wa mchezaji, na mama aliyebeba maji kichwani hatasimama kusoma. Njia iliyokuwapo kabla ya uwanja ina haki ya kutangulia. Kwanza geuza shimo au weka njia ya lazima (tazama swali lake). Ikishindikana, weka vibao vya aina mbili: kwa wapita njia, pande zote mbili, «ANGALIA: DISKI ZINARUKA», na kwenye tii, kwa mchezaji, «USIRUSHE WATU WAKIPITA». Hiki cha pili ndicho chenye kazi.

Kikapu chetu huhamishwa kati ya sehemu mbili au tatu. Kibao kifanyeje?

Kwenye kibao cha tii chora sehemu zote, zipe A, B na C, na utoboe tundu kando ya kila herufi la kuchomekea kijiti. Anayehamisha kikapu ndiye anayehamisha kijiti. Bila kumpa mtu mmoja jukumu hilo, kitadanganya. Mshale wa tii inayofuata usiufunge kwenye kikapu cha namna hii, kwa kuwa kikapu kikizunguka nao unazunguka. Weka nguzo yake peke yake, mahali panapoonekana kutoka sehemu zote tatu.

Tuna mashindano ya siku moja kwenye bustani ya umma. Tunatakiwa kuacha uwanja kama tulivyoukuta.

Hapa ndipo karatasi yenye laminesheni inapofaa, ikiwa imefungwa kwenye vijiti vya mwanzi. Mishale ya chini ichore kwa chokaa, itaondoka na mvua. Vibao vitiwe namba kwa siri nyuma, ili jioni ujue kilichobaki nje.

Watoto wanageuza mishale.

Nguzo ya mviringo yenye skrubu moja inawaalika. Tumia skrubu mbili au nguzo ya pembe nne. Dawa ya kudumu zaidi ni kuwaita hao watoto waje wapake namba. Anayejua kibao kipi ni chake hukilinda, tena kwa ukali.

Wachezaji wa jioni hawavioni vibao.

Huku karibu na ikweta, jua likizama giza halichelewi. Kipande cha utepe unaorudisha mwanga kwenye ncha ya kila mshale kitaonekana kwa tochi ya simu. Kibandike kwenye ncha peke yake, kwa sababu ukikizungusha ubao mzima kitang'aa mstatili na upande wa kwenda hautajulikana.

Diski yangu imegonga kibao ikarudi nyuma. Narusha tena bure?

Hurushi tena bure. Kibao ni sehemu ya uwanja kama mti. Unacheza kutoka diski ilipotua, bila adhabu. Ikitua nyuma ya kibao, huruhusiwi kukikunja, kukigeuza wala kukiegemea ili upate nafasi. Kibao kinachogongwa kila wiki mwambie msimamizi akisogeze, na asisahau kukijaribu upya pale kitakapohamia.